Mwaka Tuliojaribu Bongwe

Tulimzika Mzee Kassim siku ya Ijumaa, katika shamba lake pale Bongwe. Waislamu wenzake walimsalia, nasi wachache tusioswali tukasimama nyuma yao tumeshika kofia zetu. Udongo ulipoanza kurudishwa, mwanawe mkubwa aliniita kwa jina ambalo baba yake alikuwa akiniitia. "Fundi, njoo," akasema, akanipa jembe. Nilitia udongo mpaka nikachoka, mtu mwingine akanipokea. Baadaye tulikaa kwenye majamvi, chai ya tangawizi ikizungushwa, na kijana mmoja aliyekulia Mombasa, ndugu wa mbali wa marehemu, akaniinamia kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Samahani, wewe ni wa wapi hasa? Kiswahili chako ni cha hapa, lakini wanakuita Mutua." Nikamwambia mimi ni mtu wa Machakos, nilikuja huku kwa mwaka mmoja. "Mwaka gani huo?" akauliza. Wazee waliotuzunguka wakacheka kidogo, kile kicheko cha matangani ambacho mtu hukikata katikati. Sikumjibu sawasawa. Kulikuwa na watu wengi, na lile si jambo la kusimuliwa huku mtu anamega mkate. Lakini tangu siku hiyo swali lake halijaniacha, na umri nilio nao sasa ni ule ambao mtu akiahirisha jibu huenda asilitoe kabisa.

Mwaka huo nilikuwa kijana, fundi wa majokofu katika kiwanda cha maziwa Nairobi. Ndinda, mke wangu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Machakos. Tulikuwa tumeoana karibuni, tukionana mwisho wa juma tu, kila mmoja na begi lake dogo la safari. Hoteli moja ya Diani ilikuwa inatafuta mtu wa kutunza vyumba vya baridi na viyoyozi, na rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi huko akanitaja. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wa kiwandani, lakini si mshahara ulionivuta. Kiwandani nilikuwa mmoja kati ya wengi, nikikaza nati niliyoambiwa niikaze. Diani, niliambiwa, mitambo yote ya baridi ingekuwa mikononi mwangu. Ningefanya kazi mwaka mmoja wa majaribio, kisha wao waseme kama wananitaka nami niseme kama nabaki. Ndinda alinisikiliza huku akisahihisha madaftari ya wanafunzi, na kalamu yake nyekundu haikusimama hata mara moja. "Nenda ukaone," alisema. "Lakini usije ukaniambia nifunge mizigo. Mimi nina kazi yangu hapa, na pwani sina mtu."

Hoteli ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, lakini zilikuwa zimejaa. Mkuu wa mitambo, Bwana Nassor, mtu wa Mombasa mwenye sauti ya chini na viatu visivyopata vumbi, akanitafutia chumba Bongwe kwa watu aliowafahamu. Wenye nyumba walikuwa Mzee Kassim, mkulima wa muhogo na minazi, na mkewe Bi Mwanasiti, aliyekuwa akikaanga mahamri kila alfajiri ya kuuza njiani. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa. Chumba changu kilikuwa cha uani: kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na dirisha dogo la mbao lililofungukia jikoni. Kila kilichosemwa jikoni nilikisikia, nami nadhani walijua, kwa sababu mara nyingine Bi Mwanasiti aliniongezea swali dirishani katikati ya mazungumzo yake na mumewe, "Au vipi, mwanangu?" Ninapokumbuka mwaka ule, kitu cha kwanza kunijia si bahari wala hoteli. Ni harufu ya iliki na mafuta ya moto ikipita kwenye lile dirisha, na sauti za watu wawili waliozoeana wakizungumza juu ya mvua.

Nilikuja na Kiswahili cha bara, cha kukata maneno na kuacha salamu. Asubuhi ya kwanza nilitoka chumbani nikamwambia Bi Mwanasiti, "Mama, nataka maji ya kuoga." Akaacha kusukuma unga, akanitazama bila hasira. "Maji yapo, mwanangu. Lakini mimi na wewe hatujaamkiana." Niliona haya mpaka masikioni. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nimelalaje, mbu je, na nyumbani nimewaacha wazima, na mke wangu anaitwa nani, na kwa nini sikuja naye. Maji yalipoa kwenye ndoo. Kazini hakuna aliyenifundisha hivyo, maana hotelini tulikuwa mchanganyiko wa watu wa kila mahali, na vijana wa Ukunda walikuwa wakizungumza Kiswahili na Kiingereza na Sheng kwa pumzi moja. Kazi yenyewe niliipenda. Chumvi ya bahari ilikuwa ikila chuma kuliko nilivyowahi kuona. Mashine iliyoletwa mpya ilianza kuota kutu kabla hatujaizoea, na mabomba ya shaba yalitoboka mahali pasipoonekana. Nilishinda juu ya mapaa nikitafuta mahali gesi inapovuja, jua likinipiga mgongoni, huku chini watu waliotoka mbali wamelala kwenye viti wakilitafuta jua hilohilo.

Ndinda alikuja kuona mwezi wa Aprili, shule zilipofungwa. Alikuja wakati mbaya, au pengine mzuri, kwa kuwa aliona mambo kama yalivyo. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza na wageni walikuwa wameondoka. Nusu ya hoteli ilikuwa imefungwa, na wenzangu wengi wa jikoni na wa vyumba walikuwa wameambiwa wakae nyumbani bila mshahara mpaka waitwe. Siku ya Jumapili nilimtembeza ufukweni. Vibanda vya vinyago vilikuwa vimefunikwa nailoni, mwani umejaa mchangani, na mtu mmoja tu, muuza mikufu, akatufuata kwa mbali kisha akatambua sisi si wateja, akarudi.

"Na hawa watu wanakula nini mpaka Julai?" Ndinda akauliza.

"Wanangoja. Wengine wana mashamba."

"Wanangoja," akarudia. Akasimama, akaifunga leso yake vizuri kwa sababu ya upepo. "Kwetu mtu hungoja mvua. Mvua haina haja ya pasipoti. Hapa kukitokea maneno mabaya kwenye televisheni ya watu wa mbali, nyie mnalala njaa."

"Mafundi hawarudishwi nyumbani. Mashine haina msimu."

"Leo. Mutua, mimi siwezi kulea mtoto kwa kungoja watu waje."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ana mimba. Nilitaka kumshika mkono, nikaona jinsi alivyokuwa ameukaza mdomo, nikajua kuwa alikuwa ameipanga ile sentensi tangu Machakos na hakutaka furaha yangu iivuruge. Tulirudi Bongwe. Bi Mwanasiti alikuwa amepika samaki wa kupaka na wali wa nazi kwa ajili yake. Ndinda alikula kwa adabu, akashukuru, na tulipobaki wawili chumbani akaninong'oneza, "Kila kitu nazi. Hata mboga nazi." Sijui kama dirisha lilikuwa wazi. Kesho yake Bi Mwanasiti alichemsha mahindi na maharagwe, bila kitu kingine ila chumvi, akayaweka mbele yake, akakaa akiyatazama yale mahindi kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kula, mwalimu," akasema. "Nimeambiwa ndivyo mnavyopenda." Ndinda alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike, na alipoondoka, mwisho wa likizo, alikuwa amepunguza ukali kidogo. Lakini jibu lake lilikuwa lilelile. Nimalize mwaka, nirudi. Walimu wa serikali hawahami kirahisi. Ni lazima umpate mwalimu mwingine wa kubadilishana naye vituo, na yeye alisema wazi kwamba hatamtafuta.

Watu wananiuliza siku hizi, hasa vijana wa kwetu walioitiwa kazi Diani au Watamu. "Mjomba, nihame au nisihame?" Wameshapiga hesabu za kodi, shule na nauli za kurudi nyumbani Krismasi, na wanataka niwaongezee hesabu moja ambayo wameisahau. Nawasikiliza. Sina ya kuwapa. Mimi na Ndinda tulipiga hesabu hizo mwaka mzima kwa simu, salio la simu likituishia katikati ya maneno, na kila upande ulikuwa na haki yake. Kama mambo yangeishia kwenye hesabu, ningelikuwa Nairobi mpaka leo.

Alikuja tena mwezi wa Agosti, mimba imekuwa kubwa. Alikuja kupumzika tu kabla ya kurudi kwao kujifungua. Bi Mwanasiti alimpokea njiani, akamnyang'anya begi, akanigombeza mbele ya watu kwa kumwacha mja mzito apande basi kutoka bara peke yake. Zilikuwa siku njema. Ndinda alikuwa akikaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi akijifunza kukuna nazi, anaumia vidole, wanacheka. Niliporudi kutoka kazini jioni niliwakuta wakibishana jinsi mtoto alivyolala tumboni, Bi Mwanasiti akishikilia kuwa ni mwanamume. Kisha asubuhi moja nilikuwa navaa viatu vya kazi, Ndinda akasimama mlangoni na kitenge chake, mkono mmoja juu ya tumbo. "Hachezi," akasema. "Tangu jana hachezi."

Hospitalini walitupokea vizuri, na mpaka leo sina lawama kwa mtu. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alisikiliza tumbo kwa muda mrefu, akahamisha chombo, akasikiliza tena, kisha akamwita mwenzake. Nilijua kwa jinsi walivyoacha kuzungumza. Walituambia ukweli kwa upole, na kwamba wakati mwingine hutokea hivyo na hakuna ajuaye kwa nini, na kwamba itambidi Ndinda azae kama mtu anavyozaa. Alizaa siku ya pili, mchana. Walimwacha akae na mtoto kitambo kabla hawajaniita. Mimi nilikabidhiwa mtoto nje, kwenye veranda, amefungwa shuka la kijani. Muuguzi aliniambia ni mwanamume, na kwamba nikipenda naweza kumfunua. Sikumfunua. Niliona kama nikimwona miguu haitanibeba, na nilikuwa na shughuli mbele yangu, nilihitaji miguu. Nilishangaa uzito wake. Nilikuwa nimetarajia awe mwepesi.

Nilimpigia simu mjomba wangu Machakos, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Aliniambia kwa huruma, lakini bila kusita, niwaachie hospitali, kwamba mtoto ambaye hakulia hana matanga, na kwamba mke wangu bado kijana. Nikasema ndiyo, mjomba. Nilipokata simu nilimkuta Mzee Kassim amesimama karibu nami. Alikuwa amekuja na kanzu yake ya kutokea na kofia, kama mtu aliyeitwa kwenye jambo kubwa. "Wamesemaje nyumbani?" akauliza. Nikamweleza. Akatazama lile shuka. "Mimi si baba yako, siwezi kukuamulia," akasema. "Lakini pale shambani kuna nafasi upande wa mikorosho. Ukitaka alale pale, atalala. Kamuulize mama yake." Nikaingia kumwuliza Ndinda. Alikuwa amegeukia ukutani. Alitikisa kichwa kukubali.

Mtoto alibaki kwa wauguzi, nami nikatangulia Bongwe alasiri ile kuchukua nguo, na nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha kamba, nguo magotini, sijui nimekuja kuchukua nini, niliposikia sauti jikoni. Mzee Kassim alikuwa amerudi na alikuwa akizungumza na mdogo wake, Bwana Rama, aliyekaa nyumba ya pili na kumiliki shamba pamoja naye. Walikuwa wamejizuia, ile sauti ya watu wasiotaka kusikika, ambayo ndiyo husikika zaidi.

"Simchukii kijana," Bwana Rama alikuwa akisema. "Namwonea huruma. Lakini wewe unajua jinsi watu wa bara wanavyoingia. Leo chumba, kesho kiwanja, keshokutwa ua wa mawe na chupa juu yake. Kaburi likishalala hapa, kaka, hawa hawatoki tena. Watasema kwetu ni hapa."

"Wasitoke. Nani amewafukuza?"

"Na wajukuu wetu watakwenda wapi?"

Nilisikia maji yakimiminwa. "Rama," akasema Mzee Kassim, "kaburi si hati ya shamba. Na huyu ni mtoto. Hana kabila, hana dini aliyoichagua. Ametoka kwa Mungu amerudi kwa Mungu, na mama yake yuko hospitali peke yake. Unataka nimwambie nini yule mama? Aondoke na mtoto ndani ya basi?"

Nilisikia kandambili za Bwana Rama zikiondoka uani. Nimelifikiria neno lake mara nyingi kuliko alivyoweza kujua. Sikumwona mbaya siku ile na simwoni mbaya sasa. Nimeishi hapa miaka ya kutosha kuziona nyua za mawe zenye vipande vya chupa, na vijia vya kwenda pwani vilivyozibwa na watu waliokuja baada yangu, watu wa bara na wa ng'ambo, na wenyeji wakizunguka mbali kwenda kutafuta pweza mahali walipokuwa wakifika kwa dakika chache. Alichokiogopa kilikuja. Hakikuja kupitia kwangu, lakini kilikuja, na mimi nimo katika wale waliokuja.

Asubuhi tulipompeleka mtoto upande wa mikorosho, Bwana Rama alikuwa ametangulia. Alikuwa amevua shati, amesimama ndani ya shimo lililomfika magotini, anachimba. Nilimwamkia. Aliitikia, akasema, "Pole sana, fundi," akaendelea. Ardhi ya pale ni mchanga juu na mawe chini, na yeye ndiye aliyeyang'oa mawe yote, hakutaka kupokewa. Mimi nilisali kwa Kikamba, sala niliyofundishwa utotoni. Wao wawili walisimama viganja wazi, wakaomba kwa namna yao. Hatukuwa watu wengi. Tulipomaliza, Mzee Kassim aliniuliza kama tumempa jina. Nikasema kwamba sijui, mama yake ndiye ajuaye.

Ndinda alipotoka hospitali nilidhani atakaa kidogo kisha nimpeleke kwao. Ndivyo nilivyomwambia Bi Mwanasiti. Aliniangalia kama siku ile niliyotaka maji kabla ya salamu. "Umpeleke wapi? Mzazi anapanda basi?" Nilijaribu kueleza kwamba hakuna mtoto, kwamba mapumziko ya uzazi, nilivyofikiri mimi, ni kwa ajili ya kulea. Akashusha sauti ili Ndinda asisikie. "Mwanangu, huyu amezaa. Mtoto hakuishi, lakini uzazi ulikuwa uzazi. Mwili wake haujui mtoto yuko wapi. Atakaa arobaini yake, kama mzazi mwingine yeyote aliyezaa katika nyumba hii." Na kweli alikaa. Kila asubuhi alikandwa kwa maji ya moto na majani ya mkwaju, akafungwa tumbo kwa kitambaa, akapewa uji wa pilipili manga uliomtoa machozi. Maziwa yalipokuja kifuani, siku ambayo Ndinda alipiga yowe nililolisikia kutoka barabarani, Bi Mwanasiti aliingia chumbani akafunga mlango, na nilipofika nilikuta mlango umefungwa, na ndani sauti moja inalia na nyingine inasema, "Lia, binti yangu, lia, una haki." Nilikaa chini pale nje. Kwa mara ya kwanza alikuwa amemwita binti yangu, si mwalimu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeichukia pwani. Kila kitu chake kilinichosha, joto, chumvi, wageni waliorudi na vicheko vyao kando ya bwawa. Nilijiambia kuwa kama nisingelikubali kazi hii, Ndinda angelikuwa kwao Machakos, na mtoto angelikuwa hai. Haikuwa kweli, muuguzi alishaniambia si kweli, lakini mtu akiwa na huzuni hutafuta mahali pa kuitua. Basi nilikwenda ofisini kwa Bwana Nassor nikamwambia mwaka ukiisha naondoka. Alinisikiliza, akanipa pole, akasema atasikitika kunipoteza. Nikarudi Bongwe nikiwa na jambo moja jema la kumpelekea mke wangu, jambo alilolitaka tangu Januari nilipoanza kazi. Nilimkuta uani anamenya muhogo pamoja na Bi Mwanasiti. Arobaini ilikuwa imekwisha. Alikuwa amejitanda leso mbili mpya alizopewa, amepakwa hina miguuni kama mzazi atokaye ndani. Nilimwita kando nikamwambia.

"Rudi ukamwambie umebadili nia," akasema.

Sikumwelewa. Akarudia, polepole, kama anavyomwelezea mwanafunzi. Nami nikakasirika, hasira ambayo nadhani ilikuwa imenikaa kifuani tangu hospitali. "Mwaka mzima umeniambia hutaki. Umeniambia huku watu wanaishi kwa kungoja. Nimekataa kazi kwa ajili yako, na sasa..."

"Nilisema hivyo, ndiyo. Na sasa nasema jingine."

"Kwa sababu ya kaburi?" Nilisema kwa ukali, na Bi Mwanasiti, aliyekuwa amejifanya hasikii, akaacha kisu. Nikamweleza Ndinda yale niliyoyasikia dirishani, maneno ya Bwana Rama yote, nikitaka ajue kwamba hata hapa hatutakiwi na watu wote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nayajua," akasema. "Alikuja mwenyewe kuniambia, nikiwa bado kitandani. Alikaa pale mlangoni akaniambia alichokisema, akaomba radhi. Mutua, huko kwetu kuna mtu aliyekwisha kuja kuniomba radhi kwa jambo ambalo hata sikulisikia?" Kesho yake nilimwendea Bwana Nassor tena, nimeshika kofia. Hakunicheka. "Nilikuwa sijaandika kitu," akasema.

Mwalimu wa kubadilishana naye alipatikana upesi kuliko tulivyodhani. Alikuwa bwana mmoja wa Makueni aliyekuwa akifundisha shule moja ya karibu na Ukunda, mama yake anaumwa, miaka mingi anatafuta njia ya kurudi kwao. Ndinda alifuatilia karatasi mwenyewe, akienda maofisini Matuga na kurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndugu zake walimpigia simu mmoja baada ya mwingine kumuuliza kama ana akili timamu. Mwezi wa Desemba alikwenda akafunga vitu vyake, akarudi na godoro, sufuria zake na sanduku la vitabu. Sikumwuliza tena sababu. Niliamini ni lile kaburi, na kwa kuwa niliamini hivyo, nilikuwa na hofu ndani yangu: nilifikiri mtu hawezi kujenga maisha kando ya jambo kama lile, na kwamba siku moja ataamka asitake tena, na hapo tutakuwa tumepoteza huku na kule.

Alasiri moja, siku moja kabla shule hazijafunguliwa, alikuwa akipiga pasi nguo yake ya kazi, pasi ya makaa aliyoazima kwa Bi Mwanasiti. Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku la vitabu nikimtazama anavyonyunyiza maji kwa vidole, na swali likanitoka lenyewe. Nikamwuliza kama ana hakika. Na kwa nini.

Hakuinua uso. "Nilipokuwa nimelala ndani," akasema, "walinipigia simu wote. Mama, dada zangu, mwalimu mkuu, mchungaji. Wote walinipenda, najua. Na wote waliniambia kitu kimoja. Ndinda, utapata mwingine. Nilikuwa naweka simu chini, nageukia ukuta." Aligeuza kola, akaipitisha pasi. "Bi Mwanasiti hakuniambia hivyo hata siku moja. Siku ya kwanza aliponikanda, aliniuliza, 'Alifanana na nani?'"

Moshi mwembamba wa makaa ulikuwa ukipanda kati yetu. "Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Nikamwambia masikio ni ya baba yake. Yamesimama hivi, kama yako. Na nywele alikuwa nazo, nyingi, zimelala upande mmoja kana kwamba amechanwa."

Nilimwomba aniambie na mengine. Aliitua pasi juu ya kigae, akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu. Akaniambia kidevu, akaniambia nyusi, akaniambia vidole na kucha zake, taratibu, bila kuruka kitu, mpaka nikamwona.